XS650 ya 1977, cc 744, podi na megafoni: nianze na jeti namba ngapi?

#1 Gia ya Nne (Arusha)
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa jeti, vile vitundu vya kabureta vinavyopima petroli.

Piki ni Yamaha XS650 ya 1977, silinda mbili, krenki digrii 360. Mabadiliko: pistoni za mm 80 badala ya 75, stroki ileile ya mm 74, kwa hiyo injini imetoka cc 654 ikafika 744. Boksi la chujio la hewa limetupwa, kila kabureta ina podi yake (chujio dogo la kuvalisha mdomoni). Ekzosi ni mabomba mawili yasiyokutana, kila moja linaishia kwenye megafoni (bomba linalotanuka) fupi yenye mkia uliobanwa. Tangi si la kwake, lina koki moja tu. Kabureta ni Mikuni BS38 ilizozaliwa nazo. Ndani nimekuta jeti kubwa 135, jeti ndogo 25, klipu ya sindano iko mkato wa tatu kati ya mitano, skrubu za mchanganyiko zimefunguliwa mzunguko mmoja na nusu.

Dalili:
Ikipata moto, sailensa (mzunguko wa injini bila resi) inapanda yenyewe kutoka 1,200 hadi 2,500 na ukiachia resi inachelewa kushuka.
Kati ya 4,000 na 4,500 kuna shimo, inakohoa na kutoa moshi mweusi kidogo.
Resi yote gia ya nne inavuta vizuri sekunde tano hivi, halafu inalegea kama mtu kaishika mkia.
Plagi ya kushoto nyeusi, ya kulia nyeupe.

Niruke hadi 145 au 150? Na mwinuko wa hapa, kama mita 1,400, uingie vipi kwenye hesabu?

#2 Mkao wa Kula (Dar)
Ngoja wataalamu waje. Ila uzi bila picha ni batili.

#3 Bisibisi Bapa (Nairobi)
Usiguse jeti hata moja kwanza. Dalili zako nne hazina mama mmoja. Ukibadilisha jeti leo, utakuwa unatibu homa nne kwa kidonge kimoja.

Kabla ya kabureta: kliaransi za vali injini ikiwa baridi, mnyororo wa kemshafti, kompresheni ya silinda zote mbili, mwanya wa pointi na taimingi. Kisha raba za manifoldi kati ya kabureta na hedi. Halafu kiwango cha mafuta kwenye bakuli, kushoto na kulia visipishane zaidi ya mm 1. Floti ikiwa juu upande mmoja, upande huo utakuwa na mafuta mengi kwenye kila sehemu ya resi, na hakuna jeti itakayoficha hilo.

Baada ya hapo ndipo unalinganisha kabureta kwa geji za vakyumu. Huna geji? Mpira mwembamba unaoona ndani, mita nne, ukunje umbo la U ubaoni, tia mafuta ya injini kiasi, ncha moja kila manifoldi. Mafuta yakipanda upande mmoja, upande huo unavuta zaidi. Fungua resi polepole, maana ukivuta ghafla injini itayanywa.

#4 Mzee wa Pointi (Tanga)
Hiyo sailensa inayopanda na kukataa kushuka kila mtu atakwambia ni hewa nyingi, ongeza jeti ndogo. Kwenye XS650 za pointi, angalia kwanza fimbo ya advansi (kifaa kinachowahisha cheche mizunguko ikipanda). Pointi ziko ncha ya kushoto ya kemshafti, vyuma vya advansi viko ncha ya kulia, na fimbo nyembamba inapita katikati ya kemshafti kuviunganisha. Bushi zake zikikauka grisi, fimbo inanata. Advansi inafunguka lakini hairudi, na injini yenye taimingi iliyotangulia inapanda sailensa yenyewe.

Zima injini, shika kamu ya pointi kwa vidole, izungushe kuelekea upande wa advansi uachie. Inatakiwa iruke yenyewe kurudi. Ikirudi kivivu, toa fimbo, isafishe, paka grisi ya joto kali kwenye bushi zote mbili, na tazama springi ndogo kama hazijalegea. Kazi ya saa moja. Jeti ndogo ya nini?

#5 Podi ni Adui (Muscat)
Salamu kutoka Ghuba. Namuunga mkono mzee wa Tanga, ila naongeza mshukiwa.

BS38 si kabureta ya slaidi (pistoni ndogo inayobeba sindano) inayovutwa na waya. Waya unafungua kipepeo, halafu slaidi inanyanyuliwa na vakyumu juu ya dayaframu (utando wa raba). Chini ya dayaframu lazima iingie hewa ya kawaida, nayo inapitia matundu madogo kwenye mdomo wa kabureta, upande wa chujio. Podi nyingi za bei rahisi zina mdomo wa ndani wa raba mnene. Ukiisukuma hadi mwisho, ile raba inafunika matundu. Slaidi inapanda kwa kusuasua au inapanda nusu.

Vua podi, tia tochi, tazama alama ya raba imekaa wapi. Ikiwa inafunika, kata ule mdomo wa ndani kwa kisu kikali au tafuta podi ambayo ndani ni wazi.

Tazama dayaframu pia kwa kuinyoosha mbele ya taa. Tundu la ukubwa wa kichwa cha pini linatosha kuifanya slaidi ya upande mmoja ichelewe.

#6 Kijana wa VM (Kampala)
Mnahangaika na vakyumu ya nini. Toa BS38, weka VM34 mbili (Mikuni za slaidi inayovutwa na waya), jeti zake zipo kila duka la mtandaoni, maisha yanaendelea.

#7 Bisibisi Bapa (Nairobi)
@Kijana wa VM, ataenda na matatizo yake yote kwenye VM34 na ataongeza moja jipya. Kwenye VM kuna slaidi ya kuchagua: namba 2.0, 2.5, 3.0 ni urefu wa mkato wa slaidi kwa milimita, na unatawala kuanzia resi ya moja ya nane hadi robo. Mkato mkubwa, hewa zaidi. Na ile skrubu ya VM iko upande wa chujio, inapima hewa, kwa hiyo ukiifungua unapunguza mafuta. Skrubu ya BS38 iko upande wa injini, ukiifungua unaongeza mafuta. Mafundi wangapi wamezigeuza hizo mbili!

#8 Kijana wa VM (Kampala)
Hilo la skrubu nakubali. Amal Concentric, kabureta ya Kiingereza, nayo ni kama VM, kufungua ni kukausha.

#9 Hesabu Tupu (Dodoma)
Twende kwenye swali la mwinuko, maana limepitwa.

Kwa mita 1,400 uzito wa hewa kwa ujazo ni kama asilimia 87 ya ule wa pwani. Wengi wanafikiri basi mafuta yapunguzwe asilimia 13. Siyo. Hewa ikipungua, mvuto kwenye jeti nao unapungua, kwa hiyo kabureta inajipunguzia nusu ya safari. Mchanganyiko unazidi mafuta kwa kipeuo cha pili tu: gawanya 1 kwa kipeuo cha pili cha 0.87, unapata kama 1.07. Yaani jeti iliyo sahihi Dar itakuwa na mafuta asilimia 7 zaidi Arusha. Nairobi, mita 1,800 hivi, ni asilimia 9.

Asilimia 7 ya eneo la tundu ni kama asilimia 3.5 ya kipenyo. 135 inashuka kuwa 130. Hatua mbili za jeti, basi. Kwa hiyo ndugu yangu wa Arusha anayetaka kupanda hadi 150, anapanda mlima kwa kurudi nyuma.

#10 Resi Nusu (Mombasa)
Hesabu nzuri ila umesahau joto. Mombasa mchana nyuzi 32, Nairobi 22. Hewa ya moto ni nyepesi. Tofauti ya kweli ya jeti kati ya pwani na bara ni ndogo kuliko jedwali la vitabu linavyosema.

#11 Hesabu Tupu (Dodoma)
Nimeipiga. Mombasa nyuzi 32 dhidi ya Nairobi nyuzi 22, uwiano wa hewa unatoka 0.83. Bila kuhesabu joto ni 0.84. Joto halijabadilisha kitu hapo, kwa sababu jedwali lenyewe linachukulia kwamba ukipanda juu kunapoa. Joto lina maana ukilinganisha asubuhi na mchana palepale ulipo.

#12 Resi Nusu (Mombasa)
Sawa mwalimu. Nimekaa chini.

#13 Karatasi ya Msasa (Uingereza)
Habari zenu. @Hesabu Tupu, hesabu yako ya kipenyo inategemea kama namba ya jeti ni kipenyo. Mikuni wana jeti za kichwa cha duara ambazo namba yake inafuata tundu, 135 ikiwa karibu mm 1.35. Wana pia za pembe sita, ambazo namba yake ni mtiririko. Kwa zile za mtiririko, kupunguza asilimia 7 kunakupeleka 125, siyo 130. Keihin wanafuata kipenyo. Amal wanafuata mtiririko wa sentimita za ujazo kwa dakika. Kwa hiyo usichukue namba ya jeti ya familia moja ukaihamishia nyingine, hata kama uzi wa skrubu unaingia.

#14 Mzee wa Pointi (Tanga)
Ndiyo maana mtu akiona Norton Commando 850 ina 260 kwenye Amal zake anashika kichwa. Si mm 2.60 hiyo!

#15 Mkao wa Kula (Dar)
Mimi nilishashika kichwa tayari.

#16 Podi ni Adui (Muscat)
@Hesabu Tupu tena. Kabureta ya vakyumu inajirekebisha yenyewe kwa mwinuko. Hewa ikiwa nyepesi slaidi haipandi sana, sindano inabaki chini, mafuta yanapungua. Ndiyo faida yake juu ya VM.

#17 Hesabu Tupu (Dodoma)
Inajirekebisha pale ambapo sindano inatawala. Resi yote, slaidi imefika juu, sindano imetoka njiani, kinachobaki ni tundu la jeti kubwa. Pale hakuna wa kurekebisha.

#18 Podi ni Adui (Muscat)
Kama imefika juu. Kwa hewa ya Arusha na podi zinazofunika matundu, una uhakika inafika?

#19 Gia ya Nne (Arusha)
Asanteni wakuu. Majibu: vali na taimingi nimeweka sawa, advansi kamili inasoma digrii 38. Kamu ya pointi ilikuwa inarudi kivivu kweli, mzee wa Tanga umelenga. Nimepaka grisi. Sailensa sasa inapanda hadi 1,600 badala ya 2,500, haijaisha kabisa. Podi: ya kulia ilikuwa inafunika tundu moja kati ya mawili, nimekata raba. Dayaframu zote nzima.

Shimo la 4,000 liko palepale. Kulegea kwenye resi yote kuko palepale.

#20 Bisibisi Bapa (Nairobi)
Vizuri. Sasa 400 zilizobaki, na plagi nyeupe ya kulia. BS38 zina sili ndogo kwenye shafti ya kipepeo, kila upande. Baada ya miaka hiyo zote zimekuwa ngumu kama plastiki. Injini ikiwa sailensa, nyunyiza maji kwa chupa ya ukungu kwenye ncha za shafti, halafu kwenye maungio ya manifoldi, moja moja. Mzunguko ukiyumba, umepata. Watu hutumia petroli au kemikali ya kusafishia kabureta kwa kazi hii, juu ya ekzosi ya moto. Maji yanatosha, na utabaki na nyusi.

Kutoa sili lazima utoe kipepeo. Skrubu zake mbili zimepondwa mwisho kiwandani zisifunguke. Saga ule mpondo taratibu kwanza, ukilazimisha shafti inapinda. Kurudishia, tia gundi ya kuzuia skrubu na uponde tena. Skrubu ya kipepeo ikitoka inaingia kwenye vali, na hapo mjadala wa jeti umekwisha.

#21 Karatasi ya Msasa (Uingereza)
Kuhusu kulegea baada ya sekunde tano: someni tena alichoandika. Jeti kubwa ikiwa ndogo, injini inalegea mara moja unapofungua resi yote, haingoji. Inayongoja sekunde tano ni bakuli linaloisha. Hii si jeti, ni koki.

Hesabu ya haraka. Tuseme injini inatoa farasi 55. Farasi mmoja kwenye resi yote anakula kama gramu 250 za petroli kwa saa. Hiyo ni kilo 14 hivi kwa saa, karibu lita 19, yaani kama sentimita za ujazo 310 kwa dakika kwa kabureta zote mbili. Arusha toa asilimia 13, unabaki na 270. Chomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa kwa urefu uleule wa kabureta, fungua koki dakika moja, pima. Chini ya 400 nisingeiamini. Rudia kifuniko cha tangi kikiwa wazi, maana tundu la hewa la kifuniko likiziba dalili ni ileile.

#22 Kijana wa VM (Kampala)
Farasi 55 kwa cc 744? Hiyo piki ni ya harusi?

#23 Karatasi ya Msasa (Uingereza)
Kemshafti yake ni ya kiwanda, hajasema amebadilisha. Weka 60 ukitaka, hoja haibadiliki.

#24 Hesabu Tupu (Dodoma)
Na kwa wanaosema cc zimeongezeka asilimia 14 kwa hiyo jeti ipande asilimia 14: hapana. Injini kubwa inavuta hewa zaidi kupitia koo lilelile, mvuto kwenye jeti unaongezeka, mafuta yanaongezeka yenyewe. Kinachodai jeti kubwa zaidi ni podi, kwa sababu kizuizi cha nyuma ya kabureta kimeondolewa na mvuto kwenye jeti umepungua. Ekzosi wazi nayo. Pistoni zenyewe hazidai kitu kikubwa.

#25 Mzee wa Pointi (Tanga)
Hapo umenena. Fundi wengi wanauza pistoni na jeti kama chai na andazi.

#26 Bisibisi Bapa (Nairobi)
Utaratibu wa kujaribu, ili tuache kubishana kwa hisia. Bandika utepe kwenye mpini wa resi na kwenye nyumba yake, chora alama: moja ya nane, robo, nusu, robo tatu, yote. Kwenye BS38 alama hizi ni za kipepeo, slaidi inaweza kuwa mahali pengine, kwa hiyo andika na mizunguko pia.

Sailensa hadi moja ya nane ni jeti ndogo na skrubu. Robo hadi robo tatu ni sindano na bomba lake. Kuanzia hapo ni jeti kubwa.

Penye tatizo, ukiwa unatembea, vuta choki kidogo. Ikipona, ilikuwa inanyimwa mafuta. Ikizidi kuwa mbaya, ilikuwa imeshiba. Kwenye resi yote, rudisha mpini kidogo sana. Ikichangamka, jeti kubwa ni ndogo. Ukifunga koki na ikachangamka kadiri bakuli linavyoshuka, jeti ni kubwa. Barabara tupu tafadhali, si Njiro saa kumi na moja.

#27 Resi Nusu (Mombasa)
Na plagi?

#28 Bisibisi Bapa (Nairobi)
Plagi mpya, BP7ES, mwanya mm 0.7. Injini ikiwa moto, gia ya tatu au ya nne, resi yote, shikilia hadi uone imetulia, kisha bana klachi na uzime kwa swichi kwa wakati mmoja. Usirudi nyumbani kwa sailensa ukasoma plagi, utakuwa unasoma sailensa.

#29 Mzee wa Pointi (Tanga)
Rangi ya kahawa, kama ngozi ya mkate. Nyeupe hatari, nyeusi mafuta.

#30 Karatasi ya Msasa (Uingereza)
Mzee, heshima yako, lakini picha hizo za rangi ni za petroli ya risasi. Kusini mwa Sahara risasi iliondolewa kufikia mwanzo wa 2006. Petroli ya sasa inaacha plagi karibu safi hata mchanganyiko ukiwa sawa. Kwa resi yote soma pete ya moshi chini kabisa ya kauri, ndani, pale inapoungana na chuma. Bila lenzi na mwanga huioni. Ukifuata "ngozi ya mkate" kwa mafuta ya leo utaongeza jeti hadi inywe kama lori.

Huku kwetu kuna jambo la ziada: tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida ni E10, ina ethanoli hadi asilimia 10. Ethanoli inadai hewa kidogo, kwa hiyo jeti ileile inakauka kwa asilimia tatu au nne. Mnaponakili jeti za Waingereza kwenye mtandao, muulizeni alikuwa anatia nini tangini.

#31 Mzee wa Pointi (Tanga)
Nimekusikia kijana. Ila nyeusi bado ni nyeusi.

#32 Gia ya Nne (Arusha)
Ripoti.

Sili za shafti ya kulia zilikuwa zinavuta, maji yaliyumbisha injini. Nimebadilisha zote nne. Sailensa sasa 1,200 na inakaa.

Koki: 240 kwa dakika. Karatasi, napiga magoti kukushukuru. Ndani ya kichujio cha karatasi kulikuwa na kutu laini.

Majaribio ya utepe: kwenye 4,200, choki inazidisha ubaya. Kwa hiyo pale imeshiba. Resi yote sijaweza kupima hadi koki mpya ije.

Plagi ya kulia imetulia baada ya sili. Ya kushoto bado nyeusi, na floti nimepima, zinalingana.

#33 Podi ni Adui (Muscat)
Umekuta jeti 135 kwa kusoma muhuri au kwa kupima?

#34 Gia ya Nne (Arusha)
Muhuri.

#35 Podi ni Adui (Muscat)
Muhuri haujui kilichopita baada yake. Chukua chupa ya plastiki, kata kitako, funga jeti mdomoni kwa kipande cha mpira, igeuze. Weka maji sentimita 30 juu ya jeti na uendelee kuyajaza yasishuke. Pima sekunde za kujaza sentimita za ujazo 100. Fanya kushoto na kulia, mara tatu kila moja.

#36 Gia ya Nne (Arusha)
Kulia sekunde 39. Kushoto 34. Nimerudia mara tano.

#37 Hesabu Tupu (Dodoma)
39 gawanya kwa 34 ni 1.147. Kipeuo cha pili chake 1.07. Mara 135, ni kama 145. Kuna mtu alipitisha waya au keekee kwenye ya kushoto akiita kusafisha.

#38 Bisibisi Bapa (Nairobi)
Na hata kama ungetaka 145 kwa makusudi, usiitengeneze kwa keekee. Mlango wa jeti una mteremko wake na kingo zake. Keekee inaacha kovu na mtiririko unakwenda ovyo. Kusafisha ni hewa ya kompresa na uzi wa nailoni, basi.

#39 Kijana wa VM (Kampala)
Kwa hiyo upande mmoja tayari alikuwa na 145 aliyokuwa anaitaka. 😂

#40 Gia ya Nne (Arusha)
Nimecheka kwa uchungu. Nimeagiza jozi za 132.5, 137.5 na 142.5. Sasa nisaidieni shimo la 4,000 hadi 4,500, maana nimeshusha sindano mkato mmoja (klipu juu). Shimo limepungua kidogo, lakini sasa 3,000 inakohoa, na choki inaiponya pale.

#41 Karatasi ya Msasa (Uingereza)
Shimo lako ni ekzosi. Megafoni yenye mkia uliobanwa inarudisha wimbi. Kwenye mizunguko fulani wimbi linafika vali zikiwa zimefunguka zote mbili, linasukuma hewa irudi nje kupitia kabureta. Hewa hiyo inapita juu ya jeti ikiingia, ikitoka, na ikiingia tena, na kila safari inabeba mafuta. Ndiyo maana imeshiba pale tu, na juu na chini yake ni sawa. Weka kiganja nyuma ya podi kwenye 4,200, utahisi ukungu wa petroli. Sindano haiwezi kutofautisha 3,000 na 4,200 ikiwa resi ni ileile. Ukiitibu kwa sindano utakausha kila mahali ili upone mahali pamoja.

Bomba la kuunganisha ekzosi mbili mbele ya megafoni, au kizibo chenye matundu ndani ya mkia.

#42 Podi ni Adui (Muscat)
Au ni podi. Boksi la kiwandani lilikuwa na ujazo wa hewa tulivu. Podi mbili zilizo nyuma ya silinda zinapigwa na upepo wa pembeni, na slaidi ya vakyumu inatetemeka. Ajaribu kupita 4,200 kwenye stendi, injini haina upepo. Shimo likitoweka, ni upepo wa podi.

#43 Bisibisi Bapa (Nairobi)
Kwenye stendi hakuna mzigo pia, shimo lolote litatoweka. Jaribio hilo halithibitishi kitu. Avalishe podi soksi nyembamba ya nailoni na kingo ya bati pembeni, atembee.

#44 Mzee wa Pointi (Tanga)
Mimi bado nasema kushoto na kulia zina koili mbalimbali na pointi mbalimbali kwenye piki hiyo ya 1977. Upande mweusi unaweza kuwa cheche dhaifu. Badilishana koili, uone kama weusi unahama. Na kama mtu ataweka kihisi cha oksijeni kwenye bomba, ajue silinda inayomisi inatoa hewa ambayo haikuungua, kihisi kitasema "kavu" wakati plagi imelowa.

#45 Karatasi ya Msasa (Uingereza)
Kweli kabisa. Na kwenye megafoni fupi hewa ya nje inarudi hadi kwenye kihisi wakati wa sailensa, nayo inasoma uongo. Kikae karibu na hedi, sentimita 30 hadi 45, na kila bomba lipimwe peke yake. Kwa resi yote lenga 12.5 hadi 13 za hewa kwa moja ya mafuta, kwa mwendo wa kawaida 13.5 hadi 14.5.

#46 Gia ya Nne (Arusha)
Koki mpya inatoa 520. 137.5 pande zote mbili, sindano nimerudisha mkato wa tatu. Resi yote gia ya nne sasa hailegei, ila nikirudisha mpini kidogo inachangamka kiduchu. Koili nimebadilishana: weusi haukuhama, na baada ya jeti mpya umepungua sana. Shimo la 4,200 lipo. Kiganja nyuma ya podi kimelowa petroli, cha kushoto na cha kulia.

#47 Hesabu Tupu (Dodoma)
Anachangamka kwenye 137.5, kwa mwinuko ule? Basi podi zinadai zaidi ya nilivyokadiria. Jaribu 142.5. Nafuta kauli ya kupanda mlima kwa kurudi nyuma, nusu yake.

#48 Podi ni Adui (Muscat)
Kiganja kilicholowa kinathibitisha hewa inarudi. Hakisemi kama inarudishwa na megafoni au na kemshafti.

#49 Karatasi ya Msasa (Uingereza)
Kemshafti ya kiwanda?

#50 Gia ya Nne (Arusha)
Kuhusu hilo... nimefungua kifuniko cha vali leo. Kemshafti ina namba ya kuchongwa kwa mkono ambayo haipo kwenye kitabu.

#51 Mkao wa Kula (Dar)
Naongeza maji ya chai.